Sifuri Iliyopigiwa Kura

Vijana wenzangu, chukueni ramani yoyote ya dunia, hata ile iliyochanika kwenye ukuta wa darasa, mtazame mistari yake. Inayolala ni latitudo. Inayosimama, kutoka ncha ya kaskazini mpaka ncha ya kusini, ni longitudo. Shuleni tuliikariri yote kwa pamoja, tukaimwaga kwenye mtihani wa kidato cha nne, basi, yakaisha. Kumbe mistari hii si ya baba mmoja. Ikweta imewekwa na dunia yenyewe, maana kitu kinachozunguka hakikosi kiuno. Longitudo hazina kiuno. Zote zina urefu sawa, hakuna mkubwa wala mdogo. Sasa nani aliyesema hesabu ianzie Greenwich, kule London?

Swali hili lilinijia kwa sababu ya riwaya ninayoihangaikia. Mhusika wangu ni nahodha wa jahazi, nami nilitaka ajue alipo katikati ya maji. Mabaharia wa zamani wa Bahari ya Hindi walikuwa na kamal, kibao kidogo chenye kamba ya mafundo. Baharia aliuma kamba, akapima kimo cha Nyota ya Kaskazini juu ya upeo wa bahari, akajua ameshuka kusini au amepanda kaskazini kiasi gani. Hiyo ni latitudo. Lakini mashariki na magharibi je? Hapo nyota peke yake haisaidii, kwa sababu dunia inazunguka na nyota zinapita juu ya kila mtu kwa zamu.

Dawa yake ni saa. Dunia inazunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kila saa, au digrii moja kila dakika 4. Ukiwa melini na saa inayotunza wakati wa bandari uliyotoka, subiri jua lifike utosini, kisha itazame saa yako. Tofauti utakayoiona ndiyo longitudo uliyokwenda. Rahisi, siyo? Tatizo, hakukuwa na saa iliyoweza kuvumilia mawimbi, joto na baridi bila kupoteza majira. Mwaka 1707 manowari za Uingereza zilizoongozwa na Admirali Cloudesley Shovell zilipotea njia zikagonga miamba ya visiwa vya Scilly. Walikufa watu zaidi ya 1,400. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza likaahidi zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayetegua kitendawili hicho.

Mabingwa wa elimu ya nyota wakakodoa macho angani. Aliyetegua alikuwa mtoto wa seremala, naye mwenyewe seremala, John Harrison, aliyezaliwa mwaka 1693. Chuo kikuu hakukijua. Alianza kwa kuchonga saa za mbao. Saa yake ya nne, iliyokamilika mwaka 1759, ilikuwa na upana wa kama sentimita 13 tu. Mwanawe William alisafiri nayo kwenda Jamaika mwaka 1761, na baada ya siku 81 hesabu ilionyesha imechelewa sekunde 5. Sekunde tano, bwana! Wakubwa wakasema amebahatisha, wakadai majaribio mengine. Mzee alizungushwa miaka na miaka, mpaka Mfalme George wa Tatu alipoingilia kati na Bunge likamlipa mwaka 1773. Alikuwa na umri wa miaka 80. Akafa mwaka 1776.

Saa ilipatikana, lakini sifuri ilibaki ya kugombaniwa. Ptolemy wa Aleksandria aliiweka kwenye visiwa vya mbali magharibi mwa Afrika. Wafaransa waliiweka Paris, Waingereza Greenwich, na wengine kila mmoja kwake. Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington, Marekani, wakapiga kura. Greenwich ilipata kura 22. San Domingo ilikataa, Ufaransa na Brazili hazikupiga. Sababu haikuwa ya angani. Karibu robo tatu ya shehena ya meli za dunia ilikuwa tayari inatumia ramani za Greenwich. Mwenye meli nyingi ndiye aliyekuwa na sifuri. Kutoka Afrika kusini mwa Sahara, aliyekuwa na kiti pale ni Liberia peke yake. Mwezi uliofuata mkutano mwingine ulifunguliwa Berlin, huo wa kujadili bara letu, na humo Mwafrika hakuwamo kabisa.

Wafaransa hawakusalimu amri haraka. Waliposhindwa, mwaka 1911, sheria yao ilisema saa ya Ufaransa ni saa ya Paris iliyorudishwa nyuma dakika 9 na sekunde 21. Ni saa ya Greenwich hiyo hiyo, ila jina lisitajwe!

Na sisi je? Saa yetu ya Afrika Mashariki inafuata digrii 45 Mashariki, mstari usiokanyaga Tanzania wala Kenya hata kidogo. Dar es Salaam iko kama digrii 39, Kigoma karibu 30. Saa zetu ni moja, lakini jua linafika juu ya Kigoma kama dakika 39 baada ya kupita Dar. Hata hivyo mdomoni tumebaki na hesabu yetu. Jua likishachomoza ni saa moja, siyo saa saba. Hilo hatukupigiwa kura na mtu.

Siku hizi mitambo ya setilaiti inaonyesha kwamba sifuri inayotumika inapita kama mita 102 mashariki ya ule mstari wa Greenwich ambao watalii wanasimama juu yake kupigwa picha. Kumbe hata sifuri inahama.

Ndiyo maana nahodha wangu nimempa bandari yake mwenyewe ya kuanzia hesabu. Wewe unayeandika hadithi ukidhani lazima ianzie mbali ili iwe kubwa, kumbuka kwamba dunia ni mviringo. Popote unaposimama panafaa kuwa sifuri. Kazi ni kupima kwa uaminifu kuanzia hapo, kama yule seremala.