Uso wa Nargis, Sauti ya Lata

Katika vibanda vya video vya hapa Uganda, watazamaji wamezoea kuona mdomo wa mtu mmoja na kusikia sauti ya mwingine. Mtafsiri huketi na kipaza sauti chake akawasemea wachezaji wote, wake kwa waume, aghalabu kwa Kiganda. Si ajabu basi kwamba wanafunzi wetu wa Kasese na Bwera, wakitazama sinema za zamani za Kihindi, huuliza: yule bibi anayeimba kwa huzuni, je, sauti ile ni yake?

Jibu letu ni kwamba, mara nyingi, si yake. Lakini jibu hilo halitoshi mpaka tujue ilikuwa ya nani, na mwenyewe alipewa nini.

Filamu ya kwanza ya Kihindi yenye maneno, Alam Ara, ilionyeshwa mwaka 1931. Siku hizo ilimlazimu mchezaji aimbe mwenyewe mbele ya kamera, na wapiga ala wakajificha mahali karibu wasionekane. Mwaka 1935, katika mji wa Calcutta, watengenezaji wa Dhoop Chhaon walitumia njia nyingine. Wimbo ulitiwa kwanza katika mashine ya kunasia sauti; kisha, wakati wa kupiga picha, ukachezwa tena, na mchezaji akaufuata kwa midomo tu. Tangu hapo kazi ya uso na kazi ya sauti ziliweza kugawanywa kwa watu wawili.

Wengi wa wazee wa Unguja na miji mingine ya pwani wanaikumbuka Awaara ya mwaka 1951, na Mother India ya mwaka 1957. Katika filamu zote mbili bibi mkuu alikuwa Nargis. Nyimbo nyingi alizoonekana akiziimba ziliimbwa na Lata Mangeshkar, kama vile Mukesh alivyomwimbia Raj Kapoor katika Awaara. Mwaka 1949 Lata alikwisha kumwimbia Madhubala katika filamu ya Mahal. Santuri ya wimbo ule ilipotoka haikuwa na jina la Lata. Iliandikwa Kamini, yaani jina la mhusika katika hadithi. Ilibidi wasikilizaji wa redio waulize kwa barua ndipo mwimbaji atajwe.

Bibi huyo hakunyamaza. Jarida la Filmfare lilipokuwa likitoa tuzo zake, mtunzi wa muziki alikuwa na tuzo yake, lakini mwimbaji hakuwa na yoyote. Mwaka 1957 Lata alikataa kuimba katika sherehe ya tuzo hizo kwa sababu hiyo. Mwaka 1959 tuzo ya mwimbaji ilitolewa kwa mara ya kwanza, na aliyeipata ni Lata mwenyewe, kwa wimbo wa filamu ya Madhumati. Alifariki mwaka 2022, jina lake likijulikana kuliko la wengi aliowaimbia.

Hatusemi kwamba mabibi wote waliazima sauti. Suraiya aliigiza na kuimba mwenyewe, na mfano mzuri ni Mirza Ghalib ya mwaka 1954. Wala jambo hili si la Wahindi peke yao. Katika My Fair Lady, filamu ya Kimarekani ya mwaka 1964, nyimbo nyingi za Audrey Hepburn ziliimbwa na Marni Nixon, na jina la Nixon halikuandikwa katika filamu.

Je, huo ni udanganyifu? Kwa maoni yetu, kuazima sauti ni sanaa kama sanaa nyingine. Dhuluma ni kulificha jina la mwenye sauti. Hata yule mtafsiri wa kibandani hujitaja jina lake, na tangazo la mlangoni huliandika, maana wako watazamaji wanaokuja kwa ajili yake.

Jambo hili linatuhusu sisi walimu wa Kiswahili. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alisifika kwa taarabu zilizofuata mahadhi ya filamu za Kihindi. Mengi ya mashairi aliyoyaimba yalitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita iliyotolewa mwaka 1971. Katika wimbo wa namna hiyo mna watu watatu: aliyetunga mahadhi, aliyetunga maneno, na aliyeimba. Msikilizaji humtaja wa tatu tu.

Huku kwetu Kiswahili kimeingia zaidi kwa masikio kuliko kwa vitabu. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, ikakusanya wafanyakazi wa makabila mengi. Na Bwera, jirani ya mpaka wa Mpondwe, husikia kila siku Kiswahili cha Kongo. Mwanafunzi wetu hujifunza maneno mengi kwa nyimbo kabla hajayasoma. Kwa hiyo tunapoleta wimbo darasani, tuandike ubaoni majina ya wote watatu, kila tunapoyajua, na tumwombe mwanafunzi aeleze kazi ya kila mmoja. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mtunzi wa shairi haonekani wala hasikiki. Asipotajwa na mwalimu, atatajwa na nani?