Asili ya Neno la Mdogo

Mtu wa Tanga akisema, "Mdogo wangu amewasili," wasikilizaji hujua nani alitangulia kuzaliwa, lakini hawajui kama aliyewasili ni mwanamume au mwanamke. Mwingereza akisema brother, mambo hugeuka: uanaume hujulikana, umri hufichika. Kila lugha imetaja iliyoliona kubwa.

Zamani Kiswahili kilimwita ndugu mdogo mnuna. Neno hilo ni la ukoo wa Kibantu. Jamaa zake ni murumuna wa Kinyarwanda na munun'una wa Kishona. Sasa mnuna hukutwa kamusini zaidi kuliko vinywani, na mdogo limerithi kazi yake. Jina limebadilika, lakini kipimo ni kile kile cha umri, kwa kuwa juu yake husimama adabu ya nyumba: mkubwa hulea, mdogo hutii.

Waingereza nao walipotaka kumtaja mwana mdogo wa nyumba bora, waliazima cadet kwa Wafaransa, ambao walilitoa katika lahaja ya Gascony, lilikokuwa na maana ya mkuu mdogo. Ardhi ya baba asiyeacha wasia ilikuwa ya mwana wa kwanza, mpaka sheria ya mwaka 1925 ilipoifuta desturi hiyo. Wadogo wengi walitafuta riziki jeshini. Ndipo neno likawa la mwanafunzi wa uaskari, na kwa maana hiyo likafika kwetu kama kadeti.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Katika mirathi ya Kiislamu, inayofuatwa na wengi wa pwani, ndugu wa baba na mama wakirithi pamoja, mwanamume hupata mafungu mawili na mwanamke moja. Umri hauongezi kitu. Basi mfasiri wa wasia akiandika "mdogo wangu" bila kueleza zaidi, ameficha lile lile ambalo mgawaji hulihitaji. Hana budi kuandika "ndugu yangu mdogo wa kiume", ijapokuwa maneno ni mengi.

Lakini nje ya mirathi neno fupi latosha. Barua za Shaaban Robert kwa mdogo wake, Yusuf Ulenge, za tangu 1931 hata 1958, zilichapishwa kitabuni mwaka 2002. Sheria hugawa mali kwa ndugu. Neno mdogo humkumbusha mkubwa deni lake.