Breki za Gari la Kale

Mwaka 1948 Uingereza ilizindua Morris Minor, gari dogo alilolibuni Alec Issigonis. Wapenzi wake wangali wakilitunza kama hazina ya wahenga, ila swali moja huwagawa: gari la kale libaki kama lilivyozaliwa, au lirekebishwe ili aliyelipanda arudi kwake salama?

Magurudumu yake yote manne yalikuwa na breki za ngoma. Mguu ukanyagapo, mafuta husukuma viatu vya breki, navyo huisugua ngoma kwa ndani. Joto likizidi, ngoma hutanuka, msuguano hupungua, breki hulegea. Mwendo ukiongezeka mara mbili, joto la kulisimamisha gari huongezeka mara nne. Na mwendo wa barabara za leo si ule wa 1948. Tena, mafuta yalipita njia moja tu: ikivuja, breki zote hupotea.

Breki za sahani, ambazo Frederick Lanchester alizipatia hataza mwaka 1902, ziliisaidia Jaguar kushinda Le Mans mwaka 1953, kwani sahani iliyo wazi hupozwa na upepo. Ndizo mafundi wazifungazo mbele ya Minor, pamoja na masta silinda yenye njia mbili, na mkanda wa ncha tatu aliouunda Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959.

Wapinzani hulalama kuwa asili imepotea. Lakini umbo halikuguswa, na ngoma zilizovuliwa zikiwekwa sandukuni, zaweza kurudishwa siku yoyote. Roho ikishatoka, hairudishwi.