Kabla ya Sumaku: Mizinga Iliyobadilishwa Miili na Watu Walioibeba

Wanaocheza vita vya mezani, vile vya kupanga sanamu ndogo na kurusha dadu, wana kilio kimoja: sanamu kubwa ni ghali. Boksi linakuja na silaha tatu au nne, lakini bega ni moja. Ukigandisha mzinga kwa gundi, imetoka hiyo. Upanga utabaki kwenye boksi milele.

Dawa yake ni sumaku. Unatoboa tundu dogo begani, lingine kwenye silaha, unazamisha sumaku za neodimiamu, zile ndogo zenye nguvu za ajabu zilizogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kabla ya gundi, ziache zivutane kwanza, kisha weka alama ya wino kwenye nyuso za nje. Ukikosea upande, mkono unasukumwa badala ya kushika. Na kama kuna mtoto nyumbani, zifiche mbali: akimeza mbili, zinavutana tumboni na kutoboa utumbo. Si mchezo.

Sasa sikia hii. Kung'oa silaha kwenye mwili mmoja na kuipachika kwenye mwingine kulifanyika kweli hapa kwetu, tena bila sumaku.

Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar. Julai 1915 ikawa zamu yake, ikamalizwa ndani ya delta ya Rufiji. Lakini mizinga yake 10 iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, mafundi wakaiwekea magurudumu. Waingereza nao walifanya vilevile na mizinga ya Pegasus. Silaha za baharini zikawa za nchi kavu.

Ila magurudumu hayajisukumi. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, barabara hazikuwepo, kwa hiyo kazi ikawaangukia watu. Mzinga mmoja uliweza kuburutwa na mamia ya watu, matope hadi magotini.

Agosti 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Kilosa, kisha vita ikashuka kusini kuelekea Kidodi na Mto Ruaha. Ukitoka Malolo leo kwenda Mikumi, uko kwenye wilaya hiyohiyo ambayo mizigo ya vita ilipita juu ya vichwa vya watu.

Watu hao ni nani? Majina yao wengi hayapo popote. Upande wa Waingereza pekee, hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa inakaribia 95,000, wengi kwa maradhi na njaa, si risasi. Jina lililobaki ni la kikosi chao, Carrier Corps. Ndiyo Kariakoo hiyo unayoenda kununua viatu.

Pale Posta, Dar, kuna sanamu ya Askari ya mwaka 1927. Ameshika bunduki, yuko peke yake. Nairobi, kwenye Kenyatta Avenue, mpagazi angalau alipewa nafasi kando ya askari. Mizinga miwili, mmoja wa kila meli, imesimama Fort Jesus, Mombasa, watu wanapigia selfi.

Chuma kimetunzwa. Waliokiburuta hawakuandikwa.

Kwa hiyo ukipanga meza ya vita ya Afrika Mashariki, tumia sumaku hizo kwa kitu kingine pia. Ng'oa bunduki kwenye mkono mmoja, pachika mzigo kichwani. Hapo ndipo jeshi lako litakuwa limekamilika.