Jiko la Umeme, Mtungi wa Gesi na Mwisho wa Reli

Historia ya Ujiji inapoandikwa, aghalabu huanza na Burton na Speke walioufikia mji huo mwezi Februari 1858, au na Stanley aliyemkuta Livingstone pale mwaka 1871. Sina ugomvi na mwanzo huo. Lakini wageni wote hao walikula, chakula chao kilipikwa kwa kuni, na aliyezibeba kuni hizo kichwani hakutajwa jina. Mimi nimependa kuufuata moto wenyewe, kwa sababu ya swali dogo lililoulizwa nyumbani kwetu.

Mwaka 2016, hapa Mwanga mjini Kigoma, tuliliweka kando jiko la umeme tukanunua la gesi. Mwanangu wa pili, aliyekuwa akisoma fizikia sekondari, aliona kwamba tunarudi kinyumenyume. "Baba, umeme si ndiyo maendeleo? Mbona tunarudi kwenye moto?" Nilimjibu kwa kifupi kwamba sufuria haijali maendeleo, inajali joto. Jibu refu ndilo hili.

Nchi hii iliishi kwa moto zamani sana kabla ya reli. Chukua chumvi ya Uvinza. Karibu na mto Malagarasi ziko chemchemi za maji ya chumvi. Watu waliyachota, wakayachemsha vyunguni mpaka maji yakaisha, ikabaki chumvi. Wanaakiolojia waliochimba pale katika miaka ya 1960 walikuta kwamba kazi hiyo ina umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Kwa hiyo kila kibaba cha chumvi kilichofika soko la Ujiji, au kilichovushwa ziwa kwenda Kongo, kilikuwa kimekwisha kula mzigo wake wa kuni. Mawese hali kadhalika: matunda ya mchikichi huchemshwa kwanza, yakapondwa, yakakamuliwa, kisha mafuta yakarudishwa motoni ili yatengane na maji. Makapi yake hayatupwi, kwani ndiyo yanayochochea moto wa chungu kinachofuata. Na usiku, ziwani, wavuvi wa dagaa waliwasha moto wa kuni na nyasi kwenye mitumbwi yao, maana dagaa hufuata mwanga. Chumvi, mawese na dagaa: ondoa moto, biashara ya Ujiji haibaki na kitu ila pembe za ndovu na watumwa, na hizo ni habari za majonzi ambazo wengine wamezieleza vizuri kuliko nitakavyoweza.

Reli ya Kati iliingia Kigoma mwaka 1914, ikiwa imetoka Dar es Salaam umbali wa kilomita zipatazo 1,250. Ndipo Kigoma, yenye ghuba na kina cha maji, ilipoipokonya Ujiji ukubwa wake. Injini za mvuke zilichoma kuni kwa miaka mingi, nayo misitu ya miombo kandokando ya reli ikajua kwamba mgeni amefika. Meli ambayo leo twaiita Liemba ilikuja vipande vipande kwa njia hiyo hiyo. Ikazinduliwa 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaopolewa 1924 na kurudi kazini 1927. Iliendeshwa kwa mvuke mpaka miaka ya 1970 ilipotiwa injini za dizeli. Tangu siku za reli tulipata jina tunalolitaja kwa majivuno, na kwa kejeli pia: mwisho wa reli. Mwisho wa reli maana yake ni kwamba kitu cha kiwandani kinakufikia baada ya wengine kushiba, na kinakufikia kwa bei ya safari yote.

Umeme nao ulikuja kwa mtindo huo. Nchini ulianza Dar es Salaam mwaka 1908, wakati wa Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli. Mwaka 1931 serikali ya Waingereza iliukabidhi kwa kampuni za binafsi, na mojawapo, DARESCO, ikashika Dar es Salaam pamoja na Dodoma, Tabora na Kigoma. Itazame orodha hiyo kwa makini, msomaji. Ni orodha ya stesheni. Umeme ulifuata mataruma, ukawaka penye ofisi, bandari na nyumba za wakubwa, ilhali Ujiji, uliokuwa mji mkubwa kabla Kigoma haijawa mji, uliendelea na koroboi.

Kati ya kuni na umeme ilikuwapo enzi nzima ya mafuta ya taa, ambayo naona tunaisahau upesi mno. Ziwani ilikuwa karabai, taa ya kupampu iliyoufukuza moto wa kuni mitumbwini, mpaka nayo ilipofukuzwa na taa za betri na jua katika miaka ya 2010. Nyumbani ilikuwa jiko la mchina, lenye tambi zake kumi au zaidi zinazokatwa kwa mkasi moshi ukizidi. Kwa mtumishi wa serikali aliyeishi chumba kimoja na sebule, mchina ndio ulioivisha chai ya asubuhi. Uliendekeza harufu yake kwenye wali, lakini haukukutuma porini. Kisha mwaka 2011 serikali iliipandisha tozo ya mafuta ya taa karibu na ile ya dizeli, kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wakichanganya mafuta hayo na dizeli na kuua injini za watu. Sababu ilikuwa ya haki. Matokeo yake jikoni ni kwamba mchina ukawekwa darini, na wengi waliokuwa wakiutumia hawakupanda kwenda kwenye umeme. Walishuka kwenda kwenye mkaa.

Mkaa huo unatoka wapi? Panda boti Kibirizi uelekee kaskazini, utazame milima upande wa kulia. Utaona milima iliyobaki nyasi na mashamba yanayoning'inia, kisha ghafla msitu mzito unateremka mpaka majini. Hapo ndipo penye mpaka wa Gombe, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968. Si mkaa peke yake uliofanya hivyo. Mashamba ya muhogo yamechukua sehemu kubwa. Hata hivyo mradi wa TACARE, ulioanzishwa mwaka 1994 na taasisi ya Jane Goodall katika vijiji vya kandokando ya hifadhi, ulilazimika kuanza na mambo ya miche, mashamba na majiko, kwa kuwa sokwe hawezi kulindwa na mtu asiye na kuni. Ndani zaidi, Kasulu, kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia vita vya Kongo. Hao nao walipika. Mgao wa maharage na unga haukuja umepikwa, na wanawake waliotoka kambini kutafuta kuni walikutana na mambo ambayo sitayaandika hapa. Mtu asikuambie kwamba moto wa jikoni ni jambo la mapambo.

Sasa nirudi kwenye umeme wetu. Kwa miongo mingi Kigoma haikuwa kwenye gridi ya taifa. Wenzetu wa Dar es Salaam walipokatiwa umeme mwaka 1992, 1994 na 2006 kwa sababu ya ukame kwenye mabwawa, sisi tulikuwa na balaa letu tofauti: umeme wetu ulikuwa wa jenereta za dizeli, na dizeli husafirishwa. Mvua za mwisho wa mwaka 2009 na Januari 2010 zilipoibomoa reli sehemu za Kilosa na Gulwe, treni zilikatika kwa miezi. Na hata siku za heri, dizeli ya kuzalisha uniti moja Kigoma iligharimu mara kadhaa kuliko maji ya kuizalisha Mtera, ilhali mteja alilipa bei moja nchi nzima. Kwangu mimi bei moja ni haki, maana mwisho wa reli nasi tu raia. Lakini kila uniti iliyowashwa kwa hasara haimpi mwenye kuiwasha hamu ya kuiongeza.

Kulikuwa na matumaini ya mto Malagarasi. Katika mpango wa msaada wa Marekani uliotiwa saini mwaka 2008, kituo kidogo cha umeme wa maji kilikuwa kijengwe kwenye maporomoko ya Igamba. Watafiti walipokwenda kuutazama mto, wakakuta viumbe wa majini walio adimu, na mradi ukaachwa. Fedha zikaelekezwa kwenye umeme wa jua kwa shule, zahanati na masoko ya mkoa. Nimewasikia watu wakiwatukana samaki hao. Sikubaliani nao, lakini nawaelewa: ni vigumu kumwambia mtu aliye gizani asubiri kwa heshima ya samaki asiyemjua. Mpango wa baadaye, wa megawati 49.5 kwenye mto huo huo, ulikuja kuanza katika miaka ya 2020.

Jiko letu la umeme lilikuwa la plati nne na oveni, zito kama kabati. Plati kubwa peke yake ilikula wati 1,500. Umeme uliposhuka nguvu saa za jioni, taa ikawa nyekundu kama mshumaa, plati nayo ikawa vuguvugu tu. Joto la koili hupungua kuliko umeme wenyewe unavyopungua, jambo ambalo mwanangu wa fizikia alinieleza kwa furaha kubwa. Maharage ya Kasulu yaliyowekwa saa tisa yaliliwa saa nne usiku. Shangazi yangu wa Ujiji, aliyekuja kukaa nasi kwa matibabu ya macho, aliketi jikoni akilitazama jiko lile, kisha akasema, "Mwanangu, moto usiouona utajuaje kwamba umelala?" Macho yale yalikuwa yameharibiwa na miaka mingi ya kupuliza kuni, hivyo ndivyo alivyoambiwa na mganga mkuu.

Gesi ilitufikia kwa njia ya barabara. Hapa kuna kosa moja linalorudiwa sana, kwamba gesi ya mitungi ni ile ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Siyo. Ile ni methani, ambayo huenda kwa bomba. Ya mtungini ni propani na butani, inayogeuka maji ikibanwa, na sehemu kubwa yake huletwa nchini kwa meli, ikajazwa mitungi, ikapakiwa malori. Malori hayo yalihitaji lami na madaraja. Daraja la Kikwete kwenye mto Malagarasi lilipokamilika, na vipande vya lami vikaendelea kuungana, mitungi ya kilo 6 na kilo 15 ikaanza kuonekana Mwanga, Gungu na hata Ujiji, imepangwa nje ya maduka penye sukari na sabuni.

Tulinunua wa kilo 15 na jiko la plati mbili. Fundi alitufundisha kupaka povu la sabuni kwenye regulata na mpira. Likitoa mapovu, gesi inavuja. Akatuonya kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa, hukaa chini sakafuni, kwa hiyo mlango wa jikoni una kazi kuliko dirisha. Nilipiga hesabu pia. Mtungi wa kilo 15 una joto la uniti 190 hivi. Jiko la gesi hupoteza karibu nusu, plati ya umeme hupoteza robo. Maana yake mtungi mmoja hufanya kazi ya uniti zipatazo 125 za umeme. Kwa risiti zetu, gesi ilitoka ghali kidogo kuliko LUKU. Tulichonunua haikuwa unafuu; tulinunua uhakika wa kula saa mbili usiku.

Na haikuchukua nafasi zote. Ugali wa muhogo husongwa kwa nguvu za mabega, na kijiko kile chepesi cha bati kiliteleza mezani kikimkimbia mpishi. Shangazi alilishusha sakafuni, akalizuia kwa mguu, akasonga. "Hili jiko," alisema, "ni la watu wa chai."

Gridi ya taifa ilianza kuingia mkoani mwaka 2022 kupitia Nyakanazi. Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo mwaka 2034. Kwa hiyo umeme umetukuta tumekwisha kuhama. Kijana wangu, ambaye sasa ana nyumba yake, amenunua jungu la umeme la kuchemshia kwa mgandamizo, ambalo huivisha maharage kwa uniti isiyofika moja, na ananicheka na mtungi wangu. Jiko la plati nne lingali kwenye baraza ya nyuma, na oveni yake inatunza mabakuli. Sisi tunapika chai, wali na migebuka kwa gesi. Maharage na ugali bado ni mkaa, kwenye jiko la udongo, gunia moja kwa miezi miwili. Mwenye kutuletea gunia hilo hutoka nalo Uvinza kwa treni.