Tarehe ya Boma la Mawe katika Ukanda wa Ziwa

Vijana wa Bunda wakitajiwa jengo la kale la mawe, wengi hufikiria kazi ya Wazungu. Tarehe ya ukanda huu wa Ziwa Victoria inasema vingine: uashi wa mawe ulikuwa wa wakulima na wafugaji wa hapa hapa, karne nyingi kabla ya Mjerumani kufika.

Shahidi mkubwa amesimama ng'ambo ya mpaka, kaunti ya Migori nchini Kenya. Ni Thimlich Ohinga, makazi yanayokadiriwa kuanza kujengwa karne ya 16. Maboma yake makubwa ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Kolouch. Kuta zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5 na unene wa mita 1 hadi 3, na kati ya jiwe na jiwe hamna udongo, chokaa wala saruji.

Mawe hayo hayakuchongwa. Mwashi alipanga uso wa nje na uso wa ndani, kisha akashindilia tabaka la mawe madogo katikati, hata ukuta ukajishika kwa uzito wake wenyewe. Palipohitaji nguvu zaidi aliongeza viegemeo. Milango aliifanya mifupi, akaifunika juu kwa mawe marefu. Adui aliyetaka kuingia alilazimika kuinama, na aliyeinama harushi mkuki. Ndani mlikuwa na nyumba za miti na udongo pamoja na mazizi ya ng'ombe. Nje kidogo wahunzi walifua chuma, na penye mwamba vimechimbwa vishimo vya ajua, bao la Wajaluo.

Karne hiyo ya 16 na iliyofuata, wakulima wengi wa Uingereza nao walikuwa wakijenga upya nyumba zao, na penye mawe mengi walitumia mtindo wa nyuso mbili na kifusi katikati. Kule jiwe lilibeba paa la familia moja. Huku lilizunguka ukoo mzima na mifugo yake. Ndiyo maana Thimlich Ohinga ilidumu. Jamii moja ilipohama, nyingine iliingia, ikainua palipobomoka na kuendelea kuishi. Desturi ya maboma hayo ilifika hadi katikati ya karne ya 20.

Upande wetu wa Mara, haja ya ukuta ilizidi katika nusu ya pili ya karne ya 19. Uvamizi wa Wamasai, njaa na maradhi vilizisukuma jamii za mashariki ya Mara kukusanyika vilimani na kuyazungushia makazi yao mawe. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, Wajerumani walijenga ngome yao ya mawe Ikoma, juu ya kilima. Jiwe lililokuwa ngao ya wenyeji likawa kiti cha waliokuja kuwatawala, na hapo ndipo lilipoanza kuhesabiwa mali ya mgeni.

Huko Butiama, jiwe lilibaki mali ya nyumbani. Julius Kambarage Nyerere, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, alizaliwa huko tarehe 13 Aprili 1922. Kaya ya ukoo huo, Mwitongo, imekaa katikati ya miamba mikubwa, na hapo ndipo Mwalimu alipozikwa tarehe 23 Oktoba 1999.

Mwaka 2018, kikao cha UNESCO kilichofanyika Manama, Bahrain, kiliiingiza Thimlich Ohinga katika orodha ya Urithi wa Dunia. Heshima hiyo ni ya waashi wasiojulikana kwa majina, na inatuhusu sisi pia, kwa kuwa mpaka uliochorwa na wakoloni haukuwagawa wazee wetu wala ujuzi wao.

Kwa hiyo kazi iko mbele yetu. Kila kilima cha Bunda kikaguliwe kabla mawe yake hayajapondwa kuwa kokoto. Walimu wa historia wawapeleke wanafunzi kwa wazee wanaokumbuka palipokuwa na kuta, na vyuo vya ufundi vifundishe kupanga mawe makavu sambamba na kumwaga zege. Ukuta wa namna hii huishi kwa kukarabatiwa, na hakuna awezaye kuukarabati asipofundishwa.