Unafungua Ofisi ya Kuchora Plani Eastlando? Cheki Mashine ya Kubuy Kabla Doo Iishe

Wasee, ukipita Buruburu, Umoja ama Donholm hebu angalia juu ya zile duka za M-Pesa. Utaona vibao vya plani za nyumba, BQ na branding vimejaa. Kila flati inapanda Pipeline ama Utawala, kuna msee mahali ameketi kwa kompyuta akiichora. Hata mafundi wa Kariobangi Light Industries siku hizi klayenti anawaambia wamuonyeshe geti kwa skrini kwanza ndio wakate chuma. Na Nairobi ilianza kupokea maombi ya vibali vya ujenzi kwa mtandao tangu 2011, so story ya kuchora na kalamu pekee ilizikwa kitambo.

Kazi iko. Ngori ni mashine. Umekula deposit ya mtu, umeahidi plani Ijumaa, alafu unafungua faili ya ghorofa saba na kompyuta inaganda hadi mausi inakataa kusonga. Klayenti wa Eastlando hana hiyo subira, buda. Atashuka ngazi aende kwa jirani.

Wengi wetu hatununui mpya. Tunanunua Ex-UK, zile kompyuta zilitumika maofisi za majuu zikaletwa huku, na unazipata tele Luthuli na Moi Avenue. Si mbaya. Kompyuta ya ofisi iliundwa kudumu, na ukichagua vizuri itachapa kazi miaka kadhaa. Shida ni vile zinauzwa: "Hii ni i7 boss, inadunda kila kitu."

Hiyo i7 isikuchanganye

Jina la i5 ama i7 peke yake halisemi kitu. Angalia namba inafuata. i7-4770 ni kizazi cha 4, ina kori nne na ikijikaza kabisa inafika gigahezi 3.9. i5-8500 ni kizazi cha 8, ina kori sita na inafika 4.1. Kwa hivyo hiyo i5 inaishinda i7 ya zamani, na muuzaji anaweza kuwa anakuitisha pesa karibu sawa kwa zote mbili. Ikiwa na tarakimu tano, kama i5-10500, soma mbili za kwanza: hiyo ni kizazi cha 10.

Kuna sababu ingine ya kung'ang'ania kizazi cha 8 kuenda juu. Microsoft ilimaliza kusapoti Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel rasmi inaanzia kizazi cha 8. Ukibuy ya kizazi cha 4 ama cha 6 leo, unabuy kitu programu mpya zitaanza kukikataa mlangoni. Kwa HP tafuta EliteDesk 800 G4. Kwa Dell, OptiPlex 7060. Hizo mbili ni kizazi cha 8. G1 ni ya kizazi cha 4, hata kama imepanguswa ikang'aa aje.

Sasa sikiza hii, juu ndio inakula watu wengi. AutoCAD kwa kuchora kwa kawaida hutumia kori moja sana kuliko zingine. Inataka kori moja yenye mbio, haitaki kijiji cha kori. Utapata mashine kubwa ya Xeon E5-2670, kori nane, mwili kama jokofu, na muuzaji anaapa ni "ya injinia". Hiyo Xeon inaanza gigahezi 2.6 na inafika 3.3. Kuchora plani, i5-8500 itaiacha kwa stage. Mahali Xeon inashine ni kurenda picha za 3D kwa prosesa, juu hapo kori zote zinaingia kazi. Kama kazi yako ni plani na mchoro wa geti, achana nayo. Kama lazima uchukue Xeon, tafuta HP Z440 yenye E5-1650 v3, ina kori sita na inaanza 3.5. Lakini jua rami yake ni ya aina ya seva, hauwezi changanya na ya desktopu ya kawaida.

Saizi ya boksi ni muhimu kuliko unavyodhani

Hapa ndio watu huumia baadaye. Hizo desktopu huja na miili tofauti. Kuna ile ndogo ya kulala kwa meza, na kuna tawa yenyewe, ndefu, ya kusimama. Ile ndogo ni bei rahisi na inakaa fiti kwa ofisi ya mita mbili, lakini siku utataka kuweka kadi ya grafiki utagundua kadi ya kawaida haiingii. Inataka kadi fupi, na pawa yake ni kidogo, kwa hivyo kadi lazima ijitosheleze na zile wati 75 za sloti, bila waya ya ziada.

Kadi za hivyo zipo. Quadro P620 ina GB 2 na inakula wati 40. P1000 ina GB 4 na inakula wati 47. T1000 inakula 50. Zote zinaingia kwa boksi ndogo, ila uliza kama imekuja na ile bati fupi ya kufungia. Pia hizo kadi zinatoa picha kwa tundu ndogo za mini DisplayPort, kwa hivyo adapta ya HDMI iwe kwa bajeti mapema, usianze kuitafuta usiku Umoja.

Unahitaji kadi kweli? Plani za 2D pekee, grafiki ya ndani ya Intel inatosha kuanza. SketchUp, ArchiCAD na Revit zikiingia, weka P1000 ama kitu ya kimo hicho. Lumion ni story ingine. Hiyo inakula kadi kubwa, na kwa bajeti ya kuanza afadhali ulipe msee akurendie.

Rami na diski nisikuchoshe. GB 8 ndio mwisho wa chini kwa AutoCAD, 16 ndio uhai, na Revit usiijaribu chini ya 16. Weka vijiti viwili vya 8 badala ya kimoja cha 16, mashine inasoma haraka zaidi. Diski iwe SSD, hata ya GB 256 tu, alafu ile ya kuzunguka ibaki ya kuhifadhi kazi za zamani. Hii ya SSD usibargain.

Monita ndio unaangalia masaa kumi kwa siku, na ndio kitu watu hunyima doo. Inchi 24 Ex-UK yenye paneli ya IPS. Dell U2412M ni nzuri kwa kuchora juu ina pikseli 1920 kwa 1200, unapata nafasi kidogo chini ya kuweka amri. Kama unafanya branding, IPS ni lazima, la sivyo nyekundu ya skrini na nyekundu ya bango zitakuwa madem wawili tofauti.

Laptopu je? Kama unaenda saiti sana, sawa. Lakini cheki herufi mwisho wa prosesa. i5-8250U ni ya kuokoa betri, inaanza gigahezi 1.6, na ikipata joto inapunguza mbio. Unataka yenye H. Alafu kuna ile hesabu ya kubeba mashine ya ofisi kwa mat ya 58 saa mbili usiku. Hiyo najua umeshaifanya.

Kwa duka, fanya hivi

Iwashwe mbele yako. Ingia BIOS kwanza: ikiitisha paswadi, rudisha kwa shelfu, hiyo bado ni ya kampuni fulani. Fungua Task Manager usome prosesa na rami mwenyewe, usisome karatasi imebandikwa. Beba CrystalDiskInfo kwa flash, itakuonyesha diski imefanya masaa mangapi na afya yake. Iache iwake dakika ishirini na faili kubwa imefunguliwa, usikize feni. Chukua risiti yenye namba ya siri ya mashine na waranti imeandikwa, si ya mdomo.

Stima sasa. Mtaa ikizima bila hodi, faili iliyokuwa wazi inaweza kuharibika, kwa hivyo UPS ni sehemu ya kompyuta. Ya VA 650 inabeba desktopu ndogo na monita moja kwa dakika chache, za kusave na kuzima tu. Usichomeke printa ya leza hapo, itaiangusha. Tokeni usiogope sana: mashine inayokula wati 100 kwa masaa nane inamaliza uniti 0.8. Ile Xeon kubwa ikirenda usiku kucha, hapo utaiskia.

Programu za kukraki utauziwa pamoja na mashine, kama soda na chips. Zinakuja na virusi, na kuna wasee wamepoteza faili zote za klayenti hivyo. Kama doo bado, LibreCAD ni bure kwa 2D na FreeCAD kwa 3D. Leseni ya bure ya wanafunzi ya Autodesk ni ya kusoma, si ya kazi ya kulipwa. Na plani ya kupeleka kaunti bado inataka sahihi ya akitekti amesajiliwa na BORAQS, haijalishi mashine yako ni kali aje.

Plota ya A1 usinunue. Wino na marekebisho yatakumaliza. Peleka PDF kwa wasee wa kuprint tao, ulipe kwa karatasi, na kwa ofisi ubaki na printa ya A3 ya kucheki makosa.